Mjomba, mlima wangu wa spika unanimaliza mgongo

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 48 na napiga gitaa la besi tangu nikiwa sekondari. Bendi yetu ina watu saba. Tunapiga harusini, kwenye kumbi za kati, na mara mojamoja uwanjani. Chombo changu ni amplifaya ya Ampeg SVT ya valvu, zile taa za kioo za zamani, na boksi lake refu la spika nane za inchi 10, lile ambalo wapiga besi tunaliita friji. Nilivinunua vyote vikiwa vimetumika, miaka 14 iliyopita, na siku ile nilijiona nimefika.

Amplifaya peke yake ni kilo 36. Boksi ni kilo 63 na ushee. Jumla ni kama kilo 100, bila kuhesabu gitaa, nyaya na roho yangu.

Mwezi uliopita tulikuwa na shoo ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Mimi nilishika chini, mpiga kinanda akashika juu, na kwenye kona ya pili ya ngazi akateleza kidaraja kimoja. Boksi halikuanguka, lilinikalia mimi. Nilipiga shoo nzima nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na asubuhi yake nilishindwa kuvaa soksi. Tangu siku hiyo mguu wa kushoto unapata ganzi mpaka kwenye kidole gumba.

Basi nikaamua kujaribu vyombo vyepesi. Rafiki yangu akaniazima amplifaya ya kilo 2, imeandikwa wati 500, na boksi dogo lenye spika moja ya inchi 12. Nilivibeba vyote kwa safari moja, amplifaya imo ndani ya mfuko wa gitaa. Nilitaka kulia kwa furaha. Wakati wa kujaribu sauti, nikiwa peke yangu, besi ilikuwa nene na tamu. Mpiga dramu alipoingia tu, nikapotea. Nikaongeza nobu ya besi, nikaongeza tena, taa nyekundu ikaanza kukonyeza, na bado nilikuwa nasikia kucha zangu kwenye nyuzi, noti hakuna. Mke wangu aliyekaa meza za mbele anasema alinisikia vizuri, lakini yeye ni mke wangu.

Naomba uniambie. Wati 500 zinashindwaje na wati 300 za chombo changu? Wati za hivi vidude vidogo ni za uongo? Na je, niuze friji au nivumilie? Kiongozi wa bendi anasema bila ule mlima nyuma yetu tutaonekana kama tumekuja kufanya mazoezi. Kijana wetu wa gitaa la solo naye ananiambia, “Mzee, hilo lipeleke makumbusho.” Nipo katikati hapa.

Mgongo Umechoka

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kabla ya wati, mguu. Ganzi inayoshuka mpaka kidole gumba baada ya mzigo kukukalia si ya kukandwa na kusubiri. Nenda kwa daktari wiki hii, mambo ya amplifaya yatakukuta ukirudi. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, inaanzia hesabu zake za kunyanyua mizigo kwenye kilo 23, na hizo ni kwa hali nzuri kuliko zote: mzigo uko karibu na mwili, hujipindi, mshiko ni mzuri. Kila hali inapoharibika, kilo zinapungua. Wewe na mpiga kinanda mlikuwa na zaidi ya kilo 31 kila mmoja kama mngegawana sawa, na kwenye ngazi hakuna kugawana sawa, wa chini ndiye anayebeba. Kwa hiyo swali la kuvumilia limeshajibiwa na mguu wako. Friji lisipande ngazi tena.

Sasa turudi kwenye ile shoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ninavyoona mimi, uzito mdogo hauna kosa lolote hapo. Ulibadilisha amplifaya, ukabadilisha idadi ya spika, ukabadilisha kimo cha boksi, yote kwa usiku mmoja, halafu mkono wako ukaendelea kuzungusha nobu kama vile friji bado liko nyuma yako.

Wati si za uongo. Tazama nyuma ya hiyo amplifaya: karibu kila mara wati 500 zimeandikwa kando ya omu 4, omu ikiwa kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. Boksi la spika moja ya inchi 12 kwa kawaida ni la omu 8, na kwa omu 8 amplifaya ya namna hiyo inatoa kama nusu, wati 250 hivi. Kwa hiyo ulikuwa unapiga na wati 250 bila kujua. Lakini usikimbilie kusema ndiyo sababu ulipotea. Nusu ya nguvu ni desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio linaitambua ila haliishtukii. Ili sauti isikike maradufu unahitaji nguvu kama mara kumi. Watu wanagombana kuhusu wati 300 na wati 500 utadhani ni mchana na usiku, kumbe tofauti yake ni desibeli 2 na kidogo.

Valvu nazo zina hila yake. Ukizisukuma kupita uwezo wake zinabana sauti polepole na kuipaka ukwaru mtamu, kwa hiyo unapiga muda wote ukiwa ukingoni na unasikika mkubwa. Amplifaya ndogo za kisasa hazina huruma hiyo. Zinakwenda safi mpaka mwisho, halafu limita, kinga ya ndani inayozuia sauti isipite kiwango, inashika breki. Ile taa nyekundu iliyokuwa ikikukonyeza ndiyo hiyo.

Kilichokuangusha zaidi ni hewa. Spika nane za inchi 10 zina eneo la kusukuma hewa kama mara tano ya spika moja ya inchi 12. Hilo halidanganyiki kwa sumaku wala kwa kompyuta. Wahandisi wa spika wana kanuni waliyoipa jina la Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH: boksi linaweza kuwa dogo, linaweza kushuka chini sana, linaweza kutoa sauti kubwa kwa nguvu kidogo, lakini utapata mawili kati ya hayo matatu, la tatu utalilipia. Muuzaji akikuahidi yote matatu, shika mkoba wako.

Hapa sasa nataka nikae kidogo, maana wapiga besi wa rika letu wengi hatukulijua hili, mimi mwenyewe nimelijua nikiwa na mvi. Unadhani friji lako linashuka chini sana, sivyo? Halishuki. Ni boksi lililozibwa pande zote, na watengenezaji wenyewe wa SVT-810E, ndilo jina la friji hilo, wanaandika kwamba linaanza kulegea kwenye hezi 58, yaani mitetemo 58 kwa sekunde, na likifika hezi 40 limeshapungua desibeli 10. Uzi wako wa E ukiupiga wazi una hezi 41. Maana yake ni kwamba ile noti ya chini kabisa uliyokuwa ukijivunia miaka 14, friji lilikuwa linaipitisha kwa kunong’ona. Kilichokuwa kinakujaza kifua ni sauti za juu zinazozaliwa na noti hiyohiyo, hezi 82, hezi 123, na sauti za kati zinazopanda hapo juu, zikisukumwa na spika nane kwa pamoja. Sikio la msikilizaji likipata hizo, lenyewe linaimalizia noti ya chini.

Boksi dogo la kisasa mara nyingi lina tundu la kupumulia, na limetengenezwa lishuke chini kuliko friji. Ndiyo maana ulipokuwa peke yako ilikuwa nene na tamu. Dramu ilipoingia, dramu kubwa ya mguu ikakalia kiti hichohicho cha chini, ukafunikwa. Wewe ukajibu kwa kuongeza besi. Ukiongeza desibeli 6 kwenye besi, umeiomba amplifaya nguvu mara nne kwa masafa yale, na spika nayo, kila ukishuka oktava moja, yaani hezi zikipungua nusu, inalazimika kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi ili itoe sauti ileile. Nguvu yote ikaishia kwenye kutikisa mpira wa spika, sauti za kati zikakosa chakula, limita ikashika breki. Ukabaki na kucha.

Siku nyingine fanya kinyume. Nobu ya besi irudishe katikati, hata chini kidogo ya katikati, kisha pandisha sauti za kati, kati ya hezi 200 na 800, kidogokidogo mpaka noti itokee nyuma ya dramu. Ukiwa peke yako utaichukia sauti hiyo. Itasikika kama mtu mwenye mafua. Usiguse kitu, subiri bendi iingie. Na kama amplifaya ina kichujio cha kukata sauti za chini kabisa, kiweke kwenye hezi 35 au 40, au nunua pedali yake, ni ndogo kama kiberiti cha jikoni. Hata ukiwa na gitaa la nyuzi tano, lenye B ya hezi 31, hutakosa kitu ambacho boksi dogo lingekupa.

Halafu kuna magoti. Friji lina kimo cha sentimita 122, spika zake za juu zinaimba karibu na mbavu zako. Boksi la inchi 12 lililokaa sakafuni linapiga mashavu ya miguu yako. Sauti za kati husafiri kwa kunyooka kama mwanga wa tochi, kwa hiyo wewe uliyesimama hatua moja mbele yake zilikupita chini, zikaenda kutua kwenye meza za mbele kwa watu waliokaa. Mkeo alisema kweli, mpwa wangu. Muombe radhi. Kisha boksi liinamishe kwa nyuma liangalie uso wako, au lipandishe juu ya kitu kigumu. Likipanda litapoteza unono kidogo ambao sakafu ilikuwa inaliazima, na mara nyingi hilo ni jambo jema, hasa kwenye majukwaa ya mbao yanayovuma.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningeazima tena ileile amplifaya ndogo na kuiunga kwenye friji hukohuko mazoezini, bila kulihamisha. Friji lenyewe ni la omu 4, litapata wati zote. Ungepiga saa moja hivi ukijua kwamba kilichobadilika ni amplifaya tu. Nahisi utashangaa jinsi ulivyo karibu na sauti yako. Ukikosa ule ukwaru wa valvu, kuna pedali zinazouleta vya kutosha kwa masikio ya harusini. Baada ya hapo ndipo uguse maboksi, na usinunue moja kubwa. Nunua mawili yanayofanana, kila moja spika ya inchi 12, kila moja omu 8. Siku hizi kila moja litakuwa na kilo 12 mpaka 15. Ukumbi mdogo, unabeba moja. Ukumbi mkubwa, mawili, ukiyapandanisha wima, kamwe usiyaweke ubavu kwa ubavu. Yakiwa wima, la juu linafika karibu na kiuno chako, na sauti inasambaa sawasawa kushoto na kulia. Yakiwa ubavu kwa ubavu, sauti zinakatana hewani na kila hatua unayosogea unasikia besi tofauti.

Tena boksi la pili lina faida kuliko amplifaya kubwa zaidi. Mawili ya omu 8 yakiungana yanakuwa omu 4, kwa hiyo amplifaya inatoa nguvu yake yote, na eneo la spika limekuwa maradufu. Ukijumlisha, unapanda mpaka desibeli 6. Bado hayafikii friji kwa kusukuma hewa, sitakudanganya. Uwanjani bila msaada wa spika za ukumbi, friji linashinda. Lakini uwanjani bila spika za ukumbi hamtakiwi kupiga hata kidogo.

Utauliza uzito umekwenda wapi kama hakuna ujanja. Amplifaya za zamani zilibeba transfoma nzito ya chuma kwa sababu umeme wa ukutani unabadilika polepole, mara 50 au 60 kwa sekunde. Za kisasa zinaukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kasi hiyo transfoma ndogo ya kukaa kiganjani inatosha. Hatua ya mwisho inaitwa daraja D, nayo haipotezi joto jingi, kwa hiyo na vile vyuma vya kupoza vimepungua. Kwenye spika, sumaku ya feraiti imeachia nafasi sumaku ya neodimi, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo kipande kidogo tu kinafanya kazi ya donge. Ila ujue pia kuna maboksi mepesi kwa sababu tu mbao ni nyembamba na ndani hakuna miti ya kulikaza. Ligonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Likilia kama ngoma, nalo litapiga ngoma ambayo hukuiomba.

Mambo machache yanaunguza vyombo hivi, na wauzaji hawayasemi. Usichanganye boksi la omu 8 na la omu 4 kwa pamoja kama amplifaya imeandikwa mwisho wake ni omu 4, maana utakuwa umeshuka chini ya omu 3. Tumia waya wa spika, ule mnene wenye plagi ya kuzungusha na kufunga ya Speakon, usitumie waya wa gitaa hata kama plagi inaingia. Na amplifaya nyingi za daraja D zina umeme kwenye ncha zote mbili za kutolea sauti, hakuna upande wa ardhi. Fundi asije akaunga ncha moja na bodi ya chuma kwa mazoea ya zamani. Ile ya valvu nayo, ukiendelea kuitumia, usiiwashe hata dakika moja bila boksi kuungwa.

Kuna na aibu yangu mwenyewe. Shoo yangu ya kwanza na amplifaya ya kilo 2, niliiweka juu ya boksi kama nilivyozoea, nikaondoka zangu mbele. Wimbo wa tatu una noti ndefu ya A. Kitu chepesi juu ya boksi linalotikisika hutembea, na hiki kilitembea taratibu mpaka ukingoni, kikajitupa. Waya wa spika ukakidaka. Kikabaki kinaning’inia nyuma ya boksi kinaendelea kutoa sauti, na mpiga dramu akacheka mpaka akakosa pigo. Nilikuwa nimezoea kitu ambacho watu wawili hawawezi kukisogeza. Siku hizi ninafunga kwa mkanda wa velkro.

Ubaya wa kweli upo, na ni wa ukarabati. SVT yako fundi mzuri anaifungua kwa bisibisi, anaona kila kitu kwa macho, anachomelea, mnaondoka. Hizi ndogo zina bodi yenye vipande vidogo kama chembe za mchele, ikifa mara nyingi inabadilishwa bodi nzima, kama inapatikana. Ndiyo maana mimi ninatembea na pedali yenye soketi ya kupeleka sauti moja kwa moja kwa fundi mitambo. Amplifaya ikizima katikati ya shoo, ninachomeka pedali, ninajisikiliza kwenye spika za miguuni, wimbo haukatiki. Na kwa kumbi zenye fundi mitambo anayejua kazi, utagundua baada ya muda kwamba boksi moja linakutosha wewe na mpiga dramu tu, hadhira inasikia kile kilichokwenda kwenye mikisa, mashine yake ya kuchanganya sauti.

Kuuza? Bado. Mwache friji akae mahali pa mazoezi, asisafiri. Piga shoo kama nne na vyombo vyepesi, mbili ndogo, mbili kubwa, ukiwa umeshazoea mpangilio mpya wa nobu. Mtu anayeuza baada ya shoo moja mbaya au moja nzuri, mara nyingi hujuta, na chombo kama chako kikishatoka mkononi kukirudisha ni kazi. Baada ya hizo nne, kama hujakikumbuka, uza. Kama unakikumbuka wakati wa kurekodi, kibakize kwa kurekodi.

Huyo kijana wa solo usimjibu, atazeeka. Kiongozi wa bendi ana hoja kidogo, maana jukwaa nalo linatazamwa, mimi sipuuzi hilo. Mwambie maboksi mawili yaliyosimama wima, yamefunikwa kitambaa cheusi safi, na taa imewekwa nyuma yake, yanaonekana vizuri kabisa. Akiendelea kuutaka mlima, mwambie unakubali, ila safari hii yeye ndiye ashike chini.

Niandikie baada ya shoo ya nne. Na alichosema daktari kuhusu mguu, anza na hilo.

Mjomba